Kondo Hujengwa Mapema: Kwa Nini Mama Mjamzito Asisubiri Tumbo Lionekane Ndipo Aende Kliniki

Katika mitaa na vijiji vyetu, kondo la nyuma hukumbukwa siku moja tu, nayo ni siku ya kufukiwa. Mtoto akishapokewa na kondo likatoka, hufungwa vizuri, huchimbiwa shimo mahali pasipofikiwa na mbwa wala paka, na habari yake huishia hapo. Lakini kwa miezi yote ya mimba, kondo hilo ndilo lililokuwa mapafu ya mtoto, figo zake na njia yake ya kupata chakula. Likifanya kazi vizuri, mtoto hukua. Likishindwa, mama na mtoto wote wawili huingia hatarini, na mara nyingi hakuna anayejua mpaka hali iwe mbaya.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wamepata njia ya kulitazama kondo likiwa bado tumboni na kupima kama linapata oksijeni ya kutosha. Wanatumia mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku. Kipimo hicho bado ni cha utafiti, wala hatuandiki ili kukuambia uende kukitafuta. Tunaandika kwa sababu kimethibitisha jambo linalomhusu kila mama wa Amu, Pate, Kiwayu, Ndau, Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu: tofauti kati ya kondo zima na kondo lenye shida huanza mapema sana, kabla mama hajahisi lolote. Kwa hiyo na kliniki inafaa ianze mapema.

KONDO HUFANYA NINI?

Mimba inapotimia, kondo huwa na ukubwa kama wa sahani ya chakula, unene wa sentimita mbili hadi tatu, na uzito wa karibu nusu kilo. Upande mmoja limejishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na upande wa pili limeungana na kitovu cha mtoto.

Watu wengi hudhani kwamba damu ya mama huingia moja kwa moja mwilini mwa mtoto. Sivyo. Damu hizo mbili hukaribiana sana bila kuchanganyika. Fikiria mikoko yetu maji yanapojaa. Mizizi imesimama, na maji ya bahari yanaizunguka pande zote, yanaingia na kutoka. Ndani ya kondo, damu ya mtoto hupita katika vijimizizi vidogo mno, na damu ya mama huvizunguka kama maji ya bahari yanavyozunguka mizizi ya mkoko. Oksijeni na chakula hupenya kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na hewa chafu hurudi kwa mama aitoe kwa kupumua. Vijimizizi hivyo vikitandazwa vyote, eneo lake ni zaidi ya mita za mraba 10, yaani sawa na sakafu ya chumba cha kulala.

Mimba ikiwa imekomaa, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama huingia katika mji wa mimba kila dakika. Kiasi hicho hakiwezi kupita katika njia nyembamba. Njia zake lazima ziwe zimetengenezwa mapema.

KAZI YA WIKI ZA MWANZO

Mwanzoni kabisa mwa mimba, kondo changa halipati damu nyingi ya mama. Chembechembe za kondo zenyewe huziba midomo ya mishipa, na mtoto huishi katika oksijeni kidogo. Hilo ni jambo la kawaida, na tena lina faida, kwa kuwa viungo vinavyoanza kuumbwa havihitaji oksijeni nyingi. Kisha, kuelekea mwisho wa mwezi wa tatu, vizibo hivyo hulegea na damu ya mama huanza kumiminika. Watafiti wa Uingereza, akiwemo Eric Jauniaux na Graham Burton, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kwamba kiwango cha oksijeni ndani ya kondo huongezeka takriban mara tatu kati ya wiki ya 8 na ya 12.

Wakati huohuo kuna kazi nyingine inayoendelea. Mishipa ya damu inayoleta damu kwenye mji wa mimba kwa kawaida ni myembamba na imejipindapinda. Chembechembe za kondo huingia katika kuta za mishipa hiyo na kuzilegeza, na mishipa hugeuka kuwa mipana. Kazi hii huendelea mpaka karibu wiki ya 20.

Nahodha yeyote anayekwenda Faza au Kizingitini anajua habari ya Mkanda. Maji yakiwa yamejaa, chombo hupita bila shida. Maji yakipwa, njia hubana na safari husimama. Basi mishipa ya mji wa mimba nayo iko hivyo. Ikipanuka, damu hufika kwa wingi na kwa utulivu. Isipopanuka, damu huwa chache, tena hutoka kwa kasi kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole, na kasi hiyo huvijeruhi vile vijimizizi.

Kondo lililojengwa juu ya njia nyembamba huweza kuvumilia kwa muda, kwa kuwa mtoto angali mdogo. Shida hujitokeza baadaye, anapoanza kuhitaji zaidi. Hapo ndipo mtoto hudumaa tumboni, au presha ya mama hupanda, au mama hupata kifafa cha mimba, au mtoto huzaliwa kabla ya wakati, au hufia tumboni. Kwa macho ya familia, janga limetokea ghafla mwezi wa saba au wa nane. Mara nyingi chanzo chake kilikuwa mwezi wa tatu na wa nne.

KWA NINI NI VIGUMU KULIONA?

Muuguzi wa kliniki ana vipimo vingi vizuri. Hupima presha, mkojo, damu, na kimo cha tumbo. Altrasaundi huonyesha mtoto yuko wapi, ana umri gani, anakuaje, na hata damu inavyopita katika mishipa mikubwa. Lakini vipimo hivi vingi huonyesha matokeo ya kondo kushindwa, na presha inayotokana na shida hiyo kwa kawaida hupanda baada ya wiki ya 20. Kujua kama kondo lenyewe linapata oksijeni, bila kuchoma sindano wala kugusa chochote ndani, ni jambo lililowashinda madaktari kwa miaka mingi.

Mwaka 2014 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilianzisha mradi maalumu wa kulichunguza kondo la binadamu likiwa bado linafanya kazi, kwa sababu ilionekana kuwa ni kiungo muhimu kisichofahamika vya kutosha. Miongoni mwa njia zilizotiliwa mkazo ni ya MRI.

SUMAKU HUIONAJE OKSIJENI?

Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, na mgonjwa hulazwa ndani yake. Zile za hospitali nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Nguvu ya tesla 1.5 ni zaidi ya mara 30,000 ya ile inayougeuza mshale wa dira ya nahodha katika bahari yetu. Haitumii mionzi kama ya eksirei. Hutuma mawimbi ya redio mwilini, na maji yaliyomo mwilini hujibu kwa mwangwi mdogo ambao kompyuta hugeuza kuwa picha.

Oksijeni inaingiaje hapo? Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ina himoglobini, na ndani ya himoglobini mna chuma. Mwaka 1936 wanakemia wawili wa Marekani, Linus Pauling na Charles Coryell, waligundua jambo la ajabu. Himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, bali ile iliyokwisha kushusha mzigo wake huvutwa kidogo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI inaweza kuitambua tofauti hiyo. Mahali penye damu iliyopungukiwa na oksijeni, chuma chake huvuruga sumaku iliyo jirani, na mwangwi hufifia upesi. Mahali penye oksijeni nyingi, mwangwi hudumu kidogo zaidi.

Basi mtaalamu hupima tu mwangwi unachukua muda gani kufifia. Muda huo ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mashine huuhesabu bila shida. Kondo linalopata oksijeni vizuri huonekana jeupe na kung'aa. Kondo lenye upungufu huonekana na mabaka meusi. Mama hachomwi sindano, wala hanyweshwi dawa. Hulazwa, mara nyingi kwa ubavu, huvishwa kinga ya masikio kwa sababu ya kelele, na hutulia mpaka picha ziishe.

NI NINI KILICHOONEKANA?

Watafiti wa vyuo vikuu vya majimbo ya Oregon na Utah, Marekani, walichapisha mwaka 2022 matokeo ya wajawazito 316. Walipiga picha 797 za MRI kati ya wiki ya 11 na ya 38, kila mama akipigwa hadi mara tatu. Kisha wakasubiri kuona mimba hizo zitaishaje. Wanawake 198 walijifungua bila tatizo. Wengine 70 walipata presha ya mimba, au mtoto mdogo mno, au walimpoteza mtoto.

Walipolinganisha makundi hayo mawili, waliona kwamba kwa wale 70 kipimo cha oksijeni cha kondo kilikuwa chini kwa wastani tangu wiki ya 15, na kikaendelea kuwa chini hadi wiki ya 33. Wiki ya 15 ni mwezi wa nne unaanza kukolea. Mama wengi wakati huo tumbo halijaonekana vizuri, mtoto hajaanza kucheza, presha iko sawa. Hakuna anayeshuku lolote, na tayari kondo linaonyesha kwamba halipati haki yake.

Matokeo haya yana mipaka yake. Kilichoonekana ni wastani wa makundi, na mama mmojammoja anaweza kuwa na kipimo cha chini akajifungua salama, au cha juu akapata shida. Tena oksijeni ya kondo hupungua yenyewe kadiri mimba inavyokua, kwa hiyo kipimo hakina maana bila kujua umri sahihi wa mimba. Mashine zenyewe ni ghali na ziko katika hospitali kubwa za miji kama Mombasa na Nairobi, ambako hutumika kwa magonjwa mengine. Kupima oksijeni ya kondo si huduma ya kawaida ya kliniki. Mtu akikwambia ulipe pesa ili ufanyiwe kipimo hicho ndipo mimba yako iwe salama, usimsikilize. Muulize kwanza muuguzi wako.

Teknolojia nayo haisimami. London, katika chuo cha King's College, wajawazito wamepigwa picha kwa mashine yenye nguvu ndogo zaidi, ya tesla 0.55. Na jirani zetu wa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, waliunganisha mwaka 2022 mashine ndogo ya MRI wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani. Ile ya Mbarara ilikusudiwa vichwa vya watoto wachanga wenye maji, haihusiki na mimba. Lakini inaonyesha kwamba mashine hizi zinaweza kuwa ndogo na kutengenezwa hapahapa Afrika Mashariki.

UTAFITI WA HUKU KWETU

Lamu haiko mbali na sayansi hii. Katika kaunti ya Kilifi, kwenye hospitali ya Mariakani na kituo cha afya cha Rabai, Chuo Kikuu cha Aga Khan kimeshiriki katika mtandao wa utafiti unaoitwa PRECISE, ambao pia umefanyika Gambia na Msumbiji. Lengo lake ni kuelewa maradhi yanayotokana na kondo: presha ya mimba, mtoto kudumaa tumboni na mtoto kufia tumboni. Akina mama wa pwani waliojitolea wamefuatiliwa tangu mimba mpaka baada ya kujifungua, na sampuli za damu na za makondo yao zimehifadhiwa zichunguzwe. Yale yaliyokuwa yakifukiwa bila kuulizwa sasa yanatoa majibu.

Utafiti mwingine uliohusisha Kenya ulihusu dawa ya aspirini kwa kiwango kidogo. Wanawake karibu 12,000 wenye mimba ya kwanza, katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waligawanywa makundi mawili. Nusu walipewa aspirini ndogo kila siku, wakianza kati ya wiki ya 6 na ya 13. Nusu ya pili walipewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika kila wanawake 1,000 wa kundi lisilopata dawa, 131 walijifungua kabla ya wiki 37. Waliopata aspirini walikuwa 116. Tofauti ya 15 inaweza kuonekana ndogo, lakini ni watoto 15 ambao hawakuhitaji kupiganiwa pumzi wiki nyingi kabla ya wakati wao, kwa kidonge cha bei nafuu.

Angalia tena zile wiki. Dawa ilianzwa kabla ya wiki ya 14, yaani wakati mishipa ya kondo ingali inatengenezwa. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kwa mama aliye katika hatari kubwa ya presha ya mimba, na ianze kabla ya wiki ya 20. Ikiwezekana mapema, kuanzia wiki ya 12. Mama anayefika kliniki mara ya kwanza mwezi wa sita amekwisha kupitwa na nafasi hiyo. Muuguzi atampokea na kumhudumia, lakini hawezi kuzirudisha wiki zilizopita.

YANAYOWEZA KUFANYWA MAPEMA HAPA LAMU

Huhitaji MRI ili kulisaidia kondo lako. Haya yafuatayo yote hutegemea vipimo na dawa za kawaida za kliniki ya wajawazito.

Kwanza, kupima presha. Presha ya wiki za mwanzo ndiyo kipimo cha kulinganishia baadaye. Bila hiyo, mama akikutwa na presha mwezi wa saba haijulikani kama alikuwa nayo tangu awali.

Pili, kupima wingi wa damu. Oksijeni husafiri kwa himoglobini. Mama mwenye upungufu wa damu anapeleka mitumbwi michache penye mizigo mingi. Vidonge vya madini ya chuma na foliki huongeza mitumbwi hiyo, lakini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ukiambiwa umeze chuma, jitahidi usikimeze pamoja na chai, kwani chai hupunguza nguvu yake.

Tatu, kujikinga na malaria. Vimelea vya malaria hupenda kujificha ndani ya kondo na kuziba zile nafasi ambamo damu ya mama hupita, hata kama mama hana homa. Lala ndani ya chandarua chenye dawa tangu siku ya kwanza. Na katika maeneo ya malaria, vidonge vya kinga vya SP, ambavyo wengi huviita fansida, hutolewa kuanzia mwezi wa nne.

Nne, kujua umri wa mimba. Altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 inapendekezwa, na ikifanywa mapema zaidi hukisia tarehe kwa usahihi zaidi.

Tano, kujulikana kama uko katika hatari. Mwambie muuguzi kama ulishawahi kupata presha au kifafa cha mimba, kama una kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya muda mrefu, au kama unabeba mapacha. Yeye au daktari ndiye ataamua kama unafaa kupewa aspirini. Usijinunulie dukani, kwani si kila mama inamfaa.

Sita, moshi. Sigara, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, una hewa ya sumu inayokamata himoglobini na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Mama mjamzito apikie mahali penye hewa, au asaidiwe kupika.

JINSI YA KUHESABU

Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kama hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi, wiki 12 zinatimia tarehe 24 Mei. Wanaohesabu kwa mwezi mwandamo nao wasipate tabu. Miezi mitatu ya kuandama ni karibu siku 89, na wiki 12 ni siku 84. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: fika kliniki kabla mwezi wa tatu haujaisha.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mama aonwe mara nane katika mimba moja. Mara ya kwanza ni ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40.

KWA NINI TUNACHELEWA?

Sababu zinajulikana, na si za kudharauliwa. Wako wanaoficha mimba changa kwa kuogopa jicho la hasidi, au kwa kuwa mimba iliyopita iliharibika na hawataki kusema kabla ya kuwa na hakika. Wako wanaosubiri mume arudi kutoka uvuvini. Wako wanaohesabu nauli ya boti na kuona kwamba safari moja ya mwezi wa sita itatosha. Na wako waliozaa watoto wanne bila shida, wakaona hakuna jipya.

Kwa aliye na hofu ya kusemwa, ajue kwamba mhudumu wa afya hana ruhusa ya kutangaza mimba ya mtu. Unaweza kwenda kliniki mwezi wa pili, ukapimwa, ukarudi nyumbani, na siri ikabaki yako. Kwa aliyezaa salama, ajue kwamba kila mimba hujenga kondo lake jipya, na la mwaka huu halina ahadi na la mwaka wa juzi. Kuhusu gharama, hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na uliza katika zahanati au kituo chako ni huduma zipi hutolewa bila malipo.

Tuchukue mfano wa mama wa Kizingitini. Akifika zahanati wiki ya 10 na kusema kwamba mimba iliyopita alipata presha, kuna muda. Atapewa dawa inayomfaa, atafuatiliwa, na mpango wa kujifungulia karibu na hospitali utafanywa mchana kweupe, familia ikiwa imeketi pamoja. Asipofika, presha hiyohiyo inaweza kumkuta wiki ya 32, usiku, maji yamekupwa, katika miezi ya kusi bahari imechafuka, na boti ya kumpeleka hospitali ya King Fahd haijapatikana. Kwetu visiwani bahari haina huruma na anayechelewa. Dawa bora ya dharura ya usiku ni kujua mapema nani anaweza kupata dharura.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Hata mama aliyeanza mapema anaweza kupata shida. Fika kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

– kichwa kuuma sana bila kupoa;
– macho kuona kiwi au vimulimuli;
– uso na mikono kuvimba ghafla;
– maumivu makali chini ya mbavu, hasa upande wa kulia;
– kutokwa na damu au maji ukeni;
– mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza;
– degedege au kupoteza fahamu.

Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni ya kushughulikiwa, hata kama unajiona mzima. Degedege la mjamzito si pepo, na halingoji dawa za nyumbani. Hospitalini kuna sindano ya magnisiamu salfeti inayolizuia, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo maisha yanavyookolewa.

KWA WAUME, MAMA WAKWE NA WAKUNGA

Mama mjamzito mara nyingi hatoki nyumbani kwa uamuzi wake peke yake. Mume, weka nauli ya boti ya kliniki ya kwanza kabla ya kununua nguo za mtoto. Mama mkwe, ukimwona mkeo wa mwana ameanza kutapika asubuhi, usimwambie asubiri. Mfuate kando, kwa siri yenu, umshauri aende. Wakunga wetu wa vijijini, ambao akina mama huwaambia kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, ninyi ndio mnaojua mimba ikiwa changa kabisa. Mkimwelekeza mama kliniki wiki hiyohiyo, mmefanya kazi ambayo mashine ya mamilioni haiwezi kuifanya.

Ile picha ya MRI huonyesha kwamba mwezi wa nne kondo linaweza kuwa tayari na shida. Haiwezi kumpandisha mtu boti. Ikiwa hedhi imekupita, wewe au mtu wa nyumbani kwako, hesabuni siku leo, na mwende kliniki wiki hii.